Mama anayezaa mbiombio, na uko peke yako zamu ya usiku

Mdogo wangu uliyeuliza jana: mama amefika, kichwa kinaonekana tayari, daktari hayupo, je, ni kweli umwambie abane miguu mpaka mkubwa wako afike? Hapana. Aliyekufundisha hivyo alifundishwa vibaya yeye mwenyewe. Ukibana miguu au ukisukuma kichwa kirudi ndani, unaweza kumkosesha mtoto hewa, umuumize kichwa, na mama umpasue.

Mimi ni muuguzi mkunga hapa Goma. Akina mama wanaletwa kwetu na motari wa pikipiki, juu ya mawe ya volkano, na mashemeji wanasema ni mawe ndiyo yamemtikisa mtoto. Waache waseme. Mara nyingi ni mama wa mimba ya nne au ya tano, au aliyewahi kuzaa haraka, au aliyekunywa miti shamba ya kuharakisha uchungu. Tunauita uchungu wa kasi ule unaoanza na kumalizika chini ya saa 3. Kwa hiyo mlangoni nauliza mawili tu: ulianza saa ngapi, na huyu ni mtoto wa ngapi? Nikijibiwa "wa tano, haijafika hata saa moja", glavu navaa huku natembea.

Usiku mmoja umeme ulikuwa umekatika, na mama hakufika hata kitandani. Nilitandika kitenge chake pale pale kwenye korido. Usimkokote mama ili tu azalie kwenye meza. Mtoto anaweza kuangukia sakafuni. Mlaze kwa ubavu wa kushoto, usimwache hata dakika moja, na anayehitajika kuitwa aitwe kwa sauti. Kila anapotaka kusukuma mwambie apulize, pu-pu-pu, kama anayewasha mbabula ya makaa. Akina mama wetu wanalielewa hilo kuliko "pumua taratibu".

Kiganja kimoja weka juu ya kichwa, kwa wepesi: hukizuii, unakipunguzia mwendo tu. Mkono wa pili, na kitambaa safi, ushikilie msamba, ile nyama kati ya uke na njia ya haja kubwa. Kichwa kitoke kidogo kidogo, ikiwezekana uchungu ukiwa umetulia. Kikishatoka, pitisha kidole shingoni. Kitovu kikiwa kimezunguka na kimelegea, kivushe juu ya kichwa. Halafu mshike vizuri, maana hawa watoto wa haraka wanateleza kama samaki.

Mkaushe papo hapo, mweke kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi, mfunike na kofia juu. Goma iko kwenye mita 1,500 hivi, na usiku wetu una baridi. Asipolia, msugue mgongo; asipopumua bado, umpe hewa kwa ambu, ule mfuko wa kusukumia hewa, kabla dakika ya kwanza haijaisha. Akiwa mzima, kitovu kinaweza kungoja dakika 1 hadi 3 ndipo ukikate.

Sasa nikueleze palipoumiza roho yangu. Usiku ule wa korido mtoto alilia vizuri, wote tukapiga vigelegele, mimi nikakaa kuandika karatasi. Niliporudi, kitenge kilikuwa kimeloa damu. Tumbo nililigusa, mji wa mimba ulikuwa mgumu kama mpira, nikajiambia basi, hali ni nzuri. Damu ikaendelea, nyekundu ya kung'aa. Ilikuwa mlango wa mji wa mimba umechanika, kwa sababu mtoto alipita kabla haujafunguka vizuri. Tulimhamisha, akashonwa, akapona, lakini mimi sikulala siku mbili.

Kwa hiyo shika tofauti hii: mji ukiwa laini, umechoka na haujikazi, ukande, hakikisha kibofu ni tupu, omba msaada. Mji ukiwa mgumu na damu bado inatiririka, tafuta mpasuko. Nusu lita ya damu tayari ni hatari, na kitenge kinaficha nyingi. Siku hizi mimi napima mapigo, presha na tumbo kila dakika 15 kwa saa 2 za kwanza, karatasi zingoje.

Oksitosini, sindano ya kukaza mji wa mimba, yuniti 10 kwenye msuli wa paja, itolewe ndani ya dakika 1 baada ya mtoto kutoka. Kwanza gusa tumbo uhakikishe hakuna pacha ndani. Dawa hiyo inataka baridi ya digrii 2 hadi 8, na umeme wetu unajulikana, kwa hiyo ukiingia zamu anza na friji. Ikikosekana, kuna vidonge vya misoprostoli, mikrogramu 600, anameza.

Halafu ongea na mama. Watu watamwambia ana bahati, hakuteseka. Yule wangu alikuwa anatetemeka, akaniuliza kama kweli ameshazaa. Nilimsimulia kila kitu tangu mlangoni, mara mbili. Na mwambie kwamba mimba ijayo asingoje uchungu ukaze ndipo aite motari. Wiki za mwisho akae kwa ndugu aliye karibu na kituo.

Umeuliza pia uwe na nini mfukoni. Glavu, vibanio viwili vya kitovu, wembe mpya kwenye karatasi yake, vitambaa viwili vikavu, ambu karibu. Na taa ya kichwa. Ya simu haifai, mikono yako yote miwili ina kazi.