Safari yangu niliianzia kwenye kurudi

Swali lenu la wiki hii, "Ulipangaje likizo ndefu ya ng'ambo wakati masharti ya korona yakibadilika kila kukicha?", limenigusa kwa sababu safari hiyo niliipanga mara mbili, na mara moja tu ndiyo nilifika. Naishi Uingereza, nafanya kazi kwenye nyumba ya kulelea wazee, na ng'ambo yenyewe ilikuwa kwetu Tanga. Nilitaka kukaa wiki sita na mwanangu aliyezaliwa Aprili 2020, ambaye bibi yake alikuwa hajamshika.

Mara ya kwanza niliongozwa na hamu. Machi 2021 niliona tiketi ya Julai ya bei poa, nikaikata siku hiyohiyo. Uingereza ilikuwa imeiweka Tanzania kwenye orodha nyekundu, ile ya nchi zilizowekewa masharti makali zaidi ya korona, tangu Januari 22, lakini nikajipa moyo kwamba hadi Julai itakuwa imetoka. Mama naye akanunua mabeberu wawili wa akika ya mjukuu, akawafunga uani. Julai ikafika, Tanzania bado nyekundu. Kwenda ningeweza. Kurudi ndiko kulikonishinda: siku 10 za karantini hotelini, pauni 1,750 kwa mtu mzima mmoja, na kabla Agosti haijaisha bei ilishapanda hadi 2,285. Niliomba nibadilishiwe tarehe, wakala akanijibu kwamba ndege inaruka kama kawaida na tiketi yangu si ya kubadilishwa. Pauni 480 zikapotea. Kilichoniuma zaidi ni sauti ya Mama kwenye simu, akiniambia amemchinja beberu mmoja Iddi, asije akafa kwa kusubiri.

Nilipoanza upya, nilianzia kwenye kurudi. Nilichukua karatasi nikaandika juu: niko Tanga, Tanzania imerudishwa kwenye nyekundu, nafanyaje? Kila nilichokifanya baada ya hapo kilikuwa jibu la swali hilo moja.

Pesa kwanza. Nilifungua akaunti ya pembeni, nikaiita fungu la hoteli, nikala kiapo kwamba tiketi sikati mpaka zifike 2,285. Nikabeba zamu za usiku za ziada. Fungu lilijaa mwishoni mwa Oktoba, na wakati huo Tanzania ilikuwa imeshatolewa kwenye orodha, Oktoba 11. Wenzangu wakaniuliza, sasa hoteli ya nini? Sikuzigusa.

Kazini nako sikutegemea maneno ya mdomo. Sheria ya Uingereza ya 2020 iliruhusu likizo ambayo mtu alishindwa kuichukua kwa sababu ya korona ihamishiwe miaka miwili iliyofuata, hadi wiki 4, ndiyo maana nilikuwa na siku za kutosha. Meneja wangu alikubali mara moja. Hata hivyo nilimwomba aandike kwamba nikikwamia karantini, siku hizo zitakuwa bila mshahara lakini nafasi yangu ipo. Mameneja huhama.

Tiketi ya safari hii ilizidi ile ya bei poa kwa pauni 140, lakini tarehe unabadilisha bila faini. Niliangalia pia ndege inapita wapi, maana Uingereza ilihesabu nchi zote ulizopitia katika siku 10 za mwisho, hata pale ulipobadilisha ndege tu. Wengi hawakulijua hili.

Mimi lilinikuta kwa upande wa dada yangu aliyeolewa Lusaka. Nilipanga kukaa kwake wiki moja kabla ya kurudi. Novemba 28, saa 10 alfajiri, siku 6 kabla sijaondoka, Zambia, Malawi na Msumbiji zikaingizwa kwenye orodha kwa ajili ya Omicron, aina ya kirusi cha korona iliyokuwa imezuka wakati huo. Majirani zetu watatu wa kusini, kwa mkupuo! Niliitoa ile karatasi nikahesabu: nikienda Lusaka mwanzoni, siku 10 zitapita kabla sijarudi. Hesabu ilikubali, moyo ukakataa. Nikampigia: "Dada, mimi siji tena. Njoo wewe kwa Mama." Akaja kwa basi kupitia Tunduma na wanawe wawili.

Niliondoka Jumamosi, Desemba 4. Kesho yake nikiwa kwenye foleni ya afya uwanja wa ndege Dar, mtoto amelala mgongoni, mkono mmoja umeshika cheti cha PCR, yaani kipimo cha korona, nikawasha simu. Mume wangu alikuwa ameandika: "Wametangaza jana jioni. Kuanzia Jumanne lazima upime siku 2 kabla ya kupanda ndege ya kurudi." Mama mmoja mbele yangu alipata habari hiyohiyo akaanza kulia, kwa sababu yeye alikuwa anarudi kutoka kijijini moja kwa moja uwanjani. Mimi usiku tatu za mwisho nilishaziweka Magomeni, hapohapo Dar, kwa shangazi, kwa ajili ya jambo kama hilo.

Kuna jambo moja ambalo naliona kubwa kuliko tiketi. Mara ya kwanza nilimpa Mama tarehe. Safari hii nilimpa mwezi tu, nikamwambia, "Usimwalike mtu mpaka nikanyage Dar." Mama ana miaka 70 na ushee. Alichanjwa Agosti, chanjo zilipofika, nami kazini kwetu kuchanjwa kulikuwa lazima. Nimeona wazee wakifariki bila mtoto wao hata mmoja kando ya kitanda, kwa hiyo sikutaka kumwahidi Mama siku ambayo haiko mikononi mwangu. Alianza kualika Jumapili jioni. Ijumaa tukasoma akika, beberu aliyebaki na mwenzake aliyenunuliwa mnadani, na mtoto akanyolewa nywele mapajani kwa bibi yake, akipiga kelele mpaka majirani wakacheka.

Januari 7 lile sharti la kupima kabla ya safari likafutwa kwa sisi tuliochanjwa. Nikarudi tarehe 16 na fomu ya abiria tu, na kipimo cha siku ya pili baada ya kufika, nilichokwisha kulipia. Siku za Magomeni tulizitumia kula mishikaki na kulala mchana.

Fungu la hoteli halikuguswa mpaka Machi 18, 2022, Uingereza ilipoondoa masharti yote yaliyobaki. Nusu ilikwenda kwenye paa la jiko la Mama, lililokuwa linavuja. Nusu nyingine iko palepale, na jina sijalibadilisha.