Kwa wanaoanza kusoma maadili ya droni vitani: anzeni na aliyeamua

Wengi wenu mnaochagua mada ya ndege za kivita zisizo na rubani huanza na ndege yenyewe. Rasimu za kwanza hunifikia zikiwa zimejaa urefu wa mabawa ya MQ-9 Reaper, idadi ya makombora ya Hellfire inayobeba na saa inazoweza kukaa angani bila kutua, huku maadili yakitengewa kurasa mbili za mwisho. Mambo hayo yana mahali pake, na asiyeyajua hawezi kuandika vizuri. Hata hivyo, baada ya miaka mingi ya kusimamia tasnifu za vijana wa Mombasa na Pwani kwa jumla katika somo la maadili ya vita, nawashauri muanze kwingine. Ulizeni nani aliyeamua kwamba mtu fulani auawe, alijua nini alipoamua, alikuwa na muda gani wa kuhakikisha, na mambo yalipoharibika nani aliitwa kujieleza.

Chukueni mji mmoja, Kabul, na mashambulio mawili yaliyofanywa na nchi moja kwa makombora ya Hellfire. Tarehe 29 Agosti 2021, siku tatu baada ya mtu aliyejilipua kuua wanajeshi 13 wa Marekani na Waafghani wapatao 170 penye uwanja wa ndege, wanajeshi wa Marekani walilifuatilia kwa droni gari jeupe aina ya Toyota Corolla kwa muda wa saa nane hivi. Walimwona dereva akipakia vyombo garini, wakaamini ni vilipuzi, na gari lilipoingia ndani ya ua wa nyumba wakafyatua kombora. Dereva alikuwa mfanyakazi wa shirika la misaada, vyombo vile vilikuwa madumu ya maji, na waliokufa walikuwa raia 10, saba kati yao watoto. Wakuu wa jeshi walilitetea shambulio hilo mwanzoni, kisha tarehe 17 Septemba wakakiri kwamba lilikuwa kosa. Uchunguzi wa mkaguzi mkuu wa jeshi la anga ulionyesha kwamba mtoto alikuwa ameonekana kwenye video dakika mbili kabla ya kombora kufyatuliwa, lakini ukahitimisha kuwa sheria haikuvunjwa. Desemba ya mwaka huohuo ikaamuliwa kwamba hakuna atakayeadhibiwa.

Chini ya mwaka mmoja baadaye, tarehe 31 Julai 2022, kiongozi wa al-Qaeda, Ayman al-Zawahiri, aliuawa akiwa kwenye roshani ya nyumba aliyokuwa akiishi mjini humo, na serikali ya Marekani ikasema hakuna mtu mwingine aliyeuawa. Maofisa wake walieleza kwamba nyumba hiyo ilifuatiliwa kwa miezi kadhaa mpaka mazoea ya aliyekuwamo yakajulikana. Zisomeni kesi hizi mbili kwa pamoja. Mara zote mbili kombora lilipiga pale lilipoelekezwa, kwa hiyo anayezilinganisha kwa kuangalia usahihi wa silaha hatapata tofauti yoyote ya kuandikia. Tofauti imo katika kile waliolielekeza walichokijua, na katika haraka waliyokuwa nayo. Nami nasema wazi kwamba silaha sahihi mikononi mwa mtu asiyejua anamlenga nani humuua asiye na hatia kwa usahihi uleule, na kwamba kulisifu kombora kwa usahihi wake bila kuuliza habari zilizotangulia ni kumfunika aliyekosea.

Kuna zoezi ninalolipendekeza kwa kila anayeanza, kwa sababu hufundisha jambo hili kuliko mihadhara. Tafuteni video fupi isiyo na sauti iliyopigwa kutoka juu, ya mtaa mnaoufahamu. Mimi hutumia moja inayoonyesha vijana wawili wakisukuma mkokoteni uliojaa madumu ya manjano. Wanasimama mlangoni pa nyumba, mwanamume anatoka, anapokea madumu mawili na kurudi ndani, kisha pikipiki inafika, abiria anaingia kwa dakika chache na kuondoka. Kwa aliyekulia Kisauni au Majengo, huyo ni muuza maji na huyo ni mgeni, basi. Ninapowapa wanafunzi wengine video hiyohiyo nikiwaambia kwanza kwamba nyumba ile imetajwa na mpelelezi kuwa maficho ya wapiganaji, karatasi zao hurudi na "shehena", "mjumbe" na "mtu anayeogopa kukaa muda mrefu". Hakuna aliyedanganya. Kila mmoja ameandika alichokiona, ila macho yalikuwa yameshaambiwa la kutafuta. Ndivyo ilivyokuwa Kabul, na uchunguzi niliotaja ulilitaja tatizo hilohilo la watu kuyasoma yote waliyoyaona kwa imani waliyokuwa nayo tayari. (Msiende kupiga video yenu wenyewe bila kibali. Kenya ina kanuni za ndege zisizo na rubani za mwaka 2020, na kurusha droni karibu na bandari, uwanja wa ndege au kambi ya jeshi la majini ya Mtongwe kutawatia matatani.)

Baada ya hapo ndipo sheria inaposomeka kwa faida. Msiinukuu kutoka kwenye makala za watu. Fungueni Itifaki ya Ziada ya Kwanza ya mwaka 1977 kwa Mikataba ya Geneva, ambayo Kenya ilijiunga nayo mwaka 1999. Kifungu cha 50 kinasema kwamba penye shaka kama mtu ni raia, atahesabiwa kuwa raia. Kifungu cha 51 kinakataza shambulio linalotarajiwa kuwaletea raia madhara yaliyopita kiasi yakilinganishwa na faida ya kijeshi, na cha 57 kinamtaka anayepanga shambulio afanye kila liwezekanalo kuhakikisha kwamba anachokilenga ni cha kijeshi. Marekani haijaiidhinisha Itifaki hiyo, ingawa inakubali kwamba kanuni kadhaa zilizomo zinaibana kama sheria ya mazoea, yaani ile inayotokana na desturi za mataifa, na mwanafunzi asiyelijua hilo hujikuta akiishtaki kwa kifungu ambacho haijakiidhinisha. Wengi wenu pia mtaleta usia wa Sayyidna Abubakar kwa jeshi lililokuwa likielekea Shamu, aliyewakataza kuua wanawake, watoto na wazee na kukata miti yenye matunda. Uleteni kwa kujiamini, maana ni hoja halali kabisa katika somo hili. Ninachoomba ni mwoneshe unavyofanya kazi mbele ya skrini, ambako umri wa mtu unakisiwa kwa urefu wa kivuli chake.

Jambo linalowapita wengi ni kwamba habari hii si ya Marekani peke yake tena. Vitabu vingi mtakavyopata vimeandikwa kuhusu Pakistan na Yemeni, kuanzia shambulio la Novemba 2002 huko Marib, Yemeni, mara ya kwanza inayojulikana ambapo droni iliua mtu nje ya uwanja wa vita uliotambuliwa. Lakini katika bara letu serikali nyingi sasa zina droni zao. Tarehe 7 Januari 2022, wakati wa vita vya Tigray nchini Ethiopia, kambi ya watu waliohama makwao huko Dedebit ilishambuliwa kwa droni, na wafanyakazi wa misaada wakaripoti vifo vya zaidi ya watu 50. Mei 2025 droni zilipiga Port Sudan, mji wa bandari kama wetu, uliokuwa kimbilio la waliokimbia vita na mlango wa misaada. Uwanja wa ndege na maghala ya mafuta yakaungua, na jeshi la Sudan likawashutumu wapiganaji wa RSF, kikosi kinachopigana nalo.

Kesi ninayotaka mkae nayo kwa muda mrefu ni ya Tudun Biri, kijiji cha jimbo la Kaduna nchini Nigeria. Usiku wa tarehe 3 Desemba 2023 wanakijiji walikuwa wamekusanyika kwa ajili ya Maulid. Droni ya jeshi la nchi yao wenyewe iliwaangushia bomu, na kwa maelezo ya walionusurika, watu walipokimbilia kuwaokoa majeruhi likaanguka la pili. Waliokufa walikuwa 85 au zaidi, wengi wao wanawake na watoto. Jeshi liliomba radhi na kusema kwamba mienendo ya kundi lile la watu ilitafsiriwa kimakosa kuwa ya magaidi. Mnaotoka Mombasa na Lamu mnajua Maulid inavyokuwa usiku: wanaume upande huu, wanawake upande ule, watoto wakikimbia katikati, vijana wakija kwa pikipiki kutoka vijiji vya jirani na kuondoka kwa makundi. Yaandikeni hayo yote kwa lugha ya ripoti ya kijeshi, bila kutaja neno Maulid, mtaona ni rahisi kiasi gani mkutano wa ibada kugeuka mkusanyiko wa wapiganaji. Kisha ulizeni kama palikuwa na mtu yeyote katika mnyororo ule wa amri aliyejua kalenda ya Kiislamu, au aliyepiga simu kwa chifu wa kijiji. Aprili 2024 jeshi lilitangaza kwamba wanajeshi wawili wangefikishwa mbele ya mahakama ya kijeshi. Linganisheni hilo na Kabul, na msiharakishe kusema lipi ni afadhali, kwa sababu kumwadhibu askari wa chini kunaweza kuwa njia ya kuwanusuru waliotunga utaratibu.

Kuhusu Somalia nina ombi la pekee. Darasani Mombasa huwezi kujua aliyekaa kando yako amepoteza nani. Kuna wenye ndugu katika jeshi la Kenya lililoingia Somalia Oktoba 2011, kuna wenye jamaa Kismayu, na kuna waliotoka Lamu, ambako kambi ya Manda Bay ilishambuliwa na al-Shabaab tarehe 5 Januari 2020 na Wamarekani watatu wakauawa. Sizuii mtu kuwa na msimamo mkali. Nazuia kuyasema mauaji ya upande wowote kama takwimu tupu. Mkiandika kuhusu mashambulio ya Marekani huko, ambayo yalianza kwa droni mwaka 2011, someni jinsi kamandi yake ya Afrika ilivyoshikilia kwa muda mrefu kwamba haikuua raia hata mmoja, hadi Aprili 2019 ilipokiri kuwa mwanamke na mtoto waliuawa karibu na El Buur mwaka mmoja kabla.

Takwimu zenyewe zitawasumbua, na ni vyema zikawasumbua. Julai 2016 serikali ya Obama ilitangaza kwamba katika mashambulio 473 yaliyofanywa kati ya 2009 na 2015 nje ya maeneo ya vita kamili, wasio wapiganaji waliouawa walikuwa kati ya 64 na 116. Waandishi wa uchunguzi waliokuwa wakihesabu kwa kujitegemea walipata kati ya 380 na 801. Kuna mwanafunzi huchukua wastani, kana kwamba ukweli hukaa katikati, na kuna anayechagua hesabu inayompendeza. Andikeni zote mbili, kisha elezeni kila upande ulimhesabuje mwanamume mtu mzima asiyejulikana jina aliyekufa karibu na aliyelengwa. Hapo ndipo pengo kubwa linapotokea. Amri iliyotaka hesabu hizo zitolewe kila mwaka ilifutwa Machi 2019, jambo ambalo kwangu lina uzito kuliko hesabu zenyewe, kwa sababu asiyelazimika kuhesabu halazimiki kujibu.

Hoja ya woga, kwamba anayeua akiwa kwenye kiti huko Nevada, Marekani, akiiongoza droni kutoka mbali hana ushujaa, isiwachukulie muda. Mizinga ya Fort Jesus nayo iliua watu ambao wapigaji hawakuwaona nyuso, na aliyekufa hapati nafuu kwa kuuawa na shujaa.

Hoja inayostahili muda ni ile ya wanaozitetea droni: kwamba zikiondolewa, mahali pake patachukuliwa na mizinga, ndege za kawaida au uvamizi wa askari wa miguu, na raia watakaokufa watakuwa wengi zaidi. Katika vita ambavyo tayari vimeshapamba moto, hoja hiyo ina nguvu, nami siwezi kuipuuza. Lakini inachukulia kwamba shambulio lingefanyika kwa vyovyote. Mara nyingi hali haiko hivyo. Kama ingebidi kupeleka askari Marib mwaka 2002, yamkini viongozi wangesita, wangeomba idhini, wangewaeleza wazazi wa askari sababu ya safari. Droni huondoa kusita huko, na kwa maoni yangu hilo ndilo kosa lake kubwa la kimaadili, kubwa kuliko umbali na kuliko kamera. Mkinipinga, nipingeni kwa kesi, si kwa kanuni pekee.

Droni zinazochagua shabaha zenyewe kwa akili mnemba ni mada nyingine, na nawashauri msiiguse katika kazi ya kwanza isipokuwa kwa aya chache. Tarehe 2 Desemba 2024 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio kuhusu silaha za aina hiyo kwa kura 166 dhidi ya 3, lakini azimio si mkataba. Ikiwa ni vigumu kumpata wa kujibu pale ambapo binadamu ndiye aliyebonyeza kitufe, itakuwa vigumu zaidi hapo.

Mkija na rasimu ya kwanza, nileteeni kesi moja tu, na ukurasa wa tarehe na saa za uamuzi mmoja baada ya mwingine, kila kimoja na chanzo chake. Ongezeni aya moja inayoeleza hoja ya aliyetoa amri kwa namna ambayo yeye mwenyewe angeikubali kuwa ni yake. Maoni yenu tutayajadili katika kikao cha pili.