Mdogo wangu, omba zamu ya kuosha vikombe

Wiki iliyopita nimepata ujumbe wa dada mmoja, Mwanglikana aliyeolewa na Mwislamu, wamehamia Marekani juzijuzi. "Dada, bado unasali kwenye lile kanisa lenu lisilo na msalaba? Tunatafuta mahali pa kukaa pamoja Jumapili bila mmoja wetu kuambiwa atachomwa moto."

Nilicheka, halafu nikanyamaza. Ndiyo, bado nasali huko. Ila kuna miezi minne sikukanyaga, na sijawahi kuisimulia hapa.

Mimi ni mtoto wa KKKT, Kanisa la Kilutheri la Tanzania, kule Marangu, Kilimanjaro, binti wa mzee wa kanisa. Kwetu ukikosa ibada, jioni unabishiwa hodi. Hapa Massachusetts nasali na Waunitari-Universalisti, kanisa lililopatikana mwaka 1961 madhehebu mawili yalipoungana: waliokataa Utatu, na walioamini kwamba Mungu hatampoteza mtu hata mmoja. Hakuna ungamo la imani la kukariri. Mchungaji anapigiwa kura na washarika wenyewe. (Bahasha zipo, usidanganyike, kila mwaka unaandika ahadi yako kama nyumbani.) Kushoto kwangu hukaa mama wa Kiyahudi, kulia mzee asiyeamini Mungu kabisa, ila besi yake sijaisikia kwenye kwaya yoyote ya Kilimanjaro.

Ibada inaanza kwa kuwasha moto kwenye kikombe. Alama hiyo aliichora Hans Deutsch, mkimbizi kutoka Austria, mwaka 1941, kwa ajili ya kamati ya Waunitari iliyokuwa Lisbon ikiwasaidia watu kuwakimbia Wanazi. Walitaka muhuri, ili makaratasi yao yaonekane ya maana. Niliposimuliwa hilo nililia, kwa sababu makaratasi yangu mwenyewe yalikuwa yamekwama uhamiaji.

Ndiyo yaliyonifanya nisimzike mama. Alifariki Februari, na ningetoka nisingerudi. Mazishi yalikuwa saa saba mchana kule; huku ni saa kumi na moja alfajiri, niko zamu ya usiku kwenye nyumba ya wazee. Niliyafuata kwa simu, nimejifungia chooni.

Jumapili yake ikafika sehemu ya furaha na huzuni. Mtu huenda mbele, huwasha mshumaa, husema lake. Nikaenda. Nikasema habari za mama, ndizi zake, ukali wake, nikaimba na ubeti wa wimbo aliokuwa akiupenda. Dakika kumi na moja. Najua ni kumi na moja kwa sababu nilikuja kuambiwa. Jumatano ikaja barua pepe ya kukumbusha washarika "wote" kwamba mshumaa ni sentensi moja au mbili. Wote! Kadi ya pole yenye maua ilikuja, sikatai. Lakini hakuna aliyekuja kukaa. Kwetu watu wangelala sebuleni kwangu wiki nzima, wakinimalizia sukari.

Nikaacha kwenda. Jumapili nikawa nalala tu.

Aliyenirudisha ni yule mzee asiyeamini. Alipiga simu, wala hakuniuliza habari za roho yangu. Alisema zamu ya kuosha vikombe vya kahawa baada ya ibada haina mtu na mgongo wake umegoma. Nikaenda kwa hasira. Mimi naosha, yeye anafuta. Kwenye kikombe cha tano hivi akauliza, "Mama yako aliitwa nani?" Nikamwambia. Akauliza mtori unapikwaje. Nikaeleza, mpaka namna ya kuponda ndizi. Hakuniambia mama yuko mahali pema, maana haamini kama mahali hapo papo. Aliuliza tu, akafuta, akauliza tena. Tulimaliza vikombe vyote, na watu walikuwa wameshaondoka.

Kwa hiyo mdogo wangu, nendeni. Mume wako hataambiwa aache swala yake, lakini pia hakuna wa kumkumbusha kufunga. Imani mtakayoingia nayo mtaitunza wenyewe. Na msikae benchi la nyuma. Omba zamu. Watu wetu tuna tabia hii, tunakuja tumechelewa, tunaondoka kabla ya kahawa, kisha tunapigiana simu kulalamika kwamba Wazungu ni baridi. Wewe ulimkaribisha nani chai? Ulimuuliza nani jina la mama yake? Baraka utaisubiri benchini mpaka lini na jikoni hakuna mtu? Omba zamu, nasema, hata ya kupanga viti. Na uliza mapema mshumaa ni sentensi ngapi.

Makaratasi yalitoka mwaka jana. Kiangazi hiki nilifika kaburini, na nikarudi na chupa ndogo ya maji ya mfongo, ule mfereji unaopita nyuma ya kihamba chetu, shamba la ukoo. Septemba tunakuwa na ibada ya maji, kila mtu anamimina ya kwake kwenye bakuli moja. Nikamimina. Nikasema sentensi mbili, nilizihesabu. Jumatano barua pepe haikuja.

Baada ya ibada mzee alileta bakuli jikoni akauliza kama ayamwage. Nikamwambia asubiri, nikajaza tena chupa yangu. Nyumbani nina mgomba kwenye ndoo, karibu na dirisha, una majani manne.