Ziwa Liliondoka, Sisi Tukabaki

Mhariri, wiki hii mmeuliza ni jambo gani moja lililoufanya mtaa wa mtu uwe kama ulivyo. Mimi ni wa Ujiji, Kigoma, na najua mnachotarajia: mwembe, na Wazungu wawili waliovuliana kofia. Hilo nalimaliza upesi. Stanley alimkuta Livingstone kwetu mwaka 1871. Stanley aliandika tarehe 10 Novemba, lakini hesabu ya shajara ya Livingstone inaangukia siku za mwisho wa Oktoba, kwa hiyo hata wenyewe hawakuafikiana. Mwembe wa siku ile ulishakufa, na iliyopo inasemekana ni ya kizazi chake, kama tulivyo wengi wetu hapa. Basi.

Jibu langu ni hili: Ziwa Tanganyika lilituondokea.

Nyumba yetu iko hatua chache kutoka uwanja wa kumbukumbu. Tangu utoto nimesikia wageni wakimaliza kupiga picha wanageuka huku na huku na kuuliza, "Na ziwa liko wapi?" Wamesoma kuwa Ujiji ni bandari, wanakuta nyumba, migomba, watoto na mbuzi. Ziwa lipo, ila inabidi uteremke kulitafuta.

Bibi yangu, mzaa baba, alikuwa akisema, "Hapa unapokaa, mama yangu aliambiwa samaki walikuwa wanapita." Tulicheka. Halafu mwaka 1998 tukachimba shimo la choo upande wa bondeni. Chini ya udongo mwekundu tukakuta mchanga mweupe wa ufukweni na makombe ya konokono wa ziwani. Fundi alitoka shimoni akayapanga makombe juu ya tofali moja moja, akamwangalia bibi. Bibi hakusema kitu. Aliendelea kuchambua mchele.

Baadaye nilijifunza kilichotokea. Ziwa Tanganyika lina mlango mmoja tu wa kutokea maji, mto Lukuga upande wa Kongo. Mwingereza Cameron aliufikia mwaka 1874 akaukuta umezibwa na majani na matope, na maji ya ziwa yakiwa yanapanda. Kufikia 1878 hivi kizuizi kikaachia. Mmisionari Edward Hore, aliyekuwa baharia kwa kazi yake ya kwanza, alifika Ujiji mwaka huohuo, akawa anapima maji na kuyaona yakishuka. Katika miaka kama 15 ziwa lilipungua takriban mita 10. Kwenye ghuba ya Kigoma, vilima vinaingia majini moja kwa moja, kwa hiyo maji yakishuka ufuo hausogei sana. Ujiji ni tambarare. Maji yakishuka kwetu, ufuo unakimbia.

Mengine yote yalifuata hapo. Wajerumani walianza kwa kuweka kituo chao Ujiji miaka ya 1890, kwa sababu ndipo palipokuwa na watu, soko na misafara. Lakini meli kubwa haitii nanga kwenye maji ya magotini. Reli ya kutoka Dar es Salaam ilipofika ziwani mwaka 1914, iliishia Kigoma. Meli ya Graf von Götzen, hii tunayoijua leo kwa jina la Liemba, ililetwa vipande vipande ikaunganishwa Kigoma na kushushwa majini mwaka 1915. Bandari, stesheni, ofisi, vyote vikawa huko, kilomita zisizofika kumi kutoka kwetu. Sisi tukabakiwa na nyumba za kulala. Mji uliojulikana kabla Kigoma haijawa chochote ukageuka mtaa wa watu wanaokwenda kazini kwingine asubuhi na kurudi jioni. Hata jina la manispaa linasema hivyo: Kigoma/Ujiji. Sisi tuko nyuma ya ile alama ya mkwaju.

Sisemi haya kwa kinyongo. Pengine ndicho kilichotuokoa. Mtaa usio na bandari haubomolewi kupisha maghala. Ukitembea Kitongoni au Buzebazeba utakuta nyumba za tofali za udongo na paa la bati, baraza mbele, uani mwembe au mchikichi, na vichochoro ambavyo bajaji inaingia kwa kubahatisha. Barazani ndipo mambo yote yanapoamuliwa, posa, deni, ugomvi wa ukuta. Watu wa Mwanga, upande wa Kigoma mjini, hututania kwamba Mjiji akiwahi kazini ujue kuna msiba njiani.

Na watu wenyewe ni akina nani? Hapa ndipo penye utamu, na penye adabu pia. Wenyeji wa nchi hii ni Waha, na bado asubuhi utasikia "Mwakeye" pamoja na "Shikamoo". Waswahili wa Mrima, yaani pwani inayotazamana na Zanzibar, na Waarabu walikuja na misafara. Wapelelezi wa Kiingereza Burton na Speke walipofika Februari 1858 waliwakuta. Mwinyi Kheri, aliyekuwa mkubwa wa wafanyabiashara hapa kabla ya Wajerumani, alikuwa Mswahili wa Mrima. Lakini wengi wetu asili yetu ni ng'ambo ya ziwa. Tunaitwa Wamanyema, Wabwari, Wagoma, Waholoholo. Baadhi walikuja kwa miguu yao wakifuata biashara, na baadhi waliletwa na pembe za ndovu mabegani, wao wenyewe wakiwa bidhaa. Utumwa haukufutwa kisheria Tanganyika mpaka mwaka 1922. Hebu hesabu vizazi uone ni karibu kiasi gani.

Kwa hiyo Ujiji humwulizi mtu, "Ukoo wenu mlitoka wapi?" kama unavyouliza bei ya nyanya. Unauliza, "Nyumbani ni wapi?" yeye anakutajia mtaa, na mnaishia hapo. Bibi alipoulizwa alijibu, "Sisi ni waungwana wa Ujiji," akafunga mlango wa mazungumzo. Nilikuwa mtu mzima nilipoelewa uzito wa neno hilo, muungwana, yaani asiye mtumwa, na kwa nini alivaa kanga mbili safi hata kwenda dukani kununua chumvi. Jirani zake wote walikuwa hivyohivyo. Watu waliofika hapa bila jina walijitengenezea jina, kwa dini, kwa Kiswahili safi, kwa kuzikana vizuri. Hadi leo msiba wa Ujiji hauhitaji kadi ya mchango. Ukifika utakuta sufuria zimeshapangwa. Wajukuu wa mtaa huu utawakuta mpaka Buyenzi kule Bujumbura na Kariakoo, Dar es Salaam, na ukisikia jinsi wanavyosalimiana utawajua.

Chakula nitataja kimoja tu, maana hapo naweza kujaza jarida zima: mgebuka wa kukaanga, kisamvu cha mawese, ugali wa muhogo. Yaliyobaki ni mbwembwe.

Nimesema ziwa lilituondokea, lakini halikutusahau. Mwaka 2024 Serikali ilipofunga uvuvi kwa miezi mitatu, kuanzia katikati ya Mei, ili samaki wazaliane, ndipo nilipojua mtaa wangu bado ni wa wavuvi. Taa za maboti usiku zilizimika, na barazani wakajaa vijana ambao sikuwahi kuwaona mchana. Wakina mama wa dagaa walihamia kwenye maandazi, wote kwa wakati mmoja, mpaka maandazi yakakosa mnunuzi.

Na sasa ziwa linarudi. Mvua za miaka ya karibuni zimekuwa kubwa, Lukuga unasemekana umejaa tope tena, na maji yamepanda pwani nzima ya ziwa, kuanzia Bujumbura mpaka kwetu. Mialoni watu wamehamisha vichanja vya kuanikia dagaa kupandisha juu, mara moja, mara mbili.

Mdogo wangu amenunua kiwanja bondeni, chini ya nyumba ya bibi. Alikipata kwa bei nafuu na akafurahi sana. Mwezi uliopita alianza kuchimba msingi akaniita nikaone. Mita moja na nusu chini, mchanga mweupe uleule, makombe yaleyale. Tofauti ni moja: mwaka 1998 mchanga ulikuwa mkavu. Safari hii niliufinya kiganjani, ukachuruzika maji. Ameniuliza aendelee au asubiri. Sijamjibu.