Kabla ya kukimbiza jawabu, hakikisha lipo

Wanafunzi wa uzamili wanaonitafuta hapa Mtwara, wengi wakiwa wamerudi nyumbani likizo, huja na swali lilelile: mwalimu, nimepewa mlinganyo usio wa mstari (kisichojulikana kinajizidisha) kuhusu maumbo mbinuko, yaani yasiyo na mashimo wala mabonde, nianzie wapi? Jibu langu halijabadilika. Usianze kuutatua. Uliza kwanza kama jawabu lipo, tena uliulizie maumbo yenye ulinganifu, yale ambayo kila nukta ina mwenzake ng'ambo ya kitovu kwa umbali uleule. Wapo wanaodhani huko ni kukwepa kazi. Waambie wachukue kalamu.

Tatizo mama ni la mwanahisabati Hermann Minkowski, mwishoni mwa karne ya 19. Ukitajiwa kila uso wa umbo unatazama upande gani na una eneo kiasi gani, je, umbo lenyewe lipo? Lipo, mradi vishale vya nyuso hizo, kila kimoja kikiusimamia uso wake wima na kikiwa na urefu sawa na eneo la uso wake, vikijumlishwa vitoe sifuri na visilale vyote katika bapa moja. Na ni umbo moja tu, ukiacha kulihamisha hapa na pale. Hapo hakuna malalamiko.

Sasa badilisha kitu kimoja. Badala ya eneo la uso, taja ujazo wa piramidi inayotoka kitovuni hadi kwenye uso huo. Hili ndilo tatizo la Minkowski la kilogi (la logariti), na hapa shughuli ni pevu. Kwa maumbo laini, mlinganyo wake unachukua umbali kutoka kitovuni hadi bapa linalogusa umbo na kuuzidisha kwa ditaminanti (namba moja inayokokotolewa kutoka jedwali la namba) iliyojengwa kwa umbali huohuo pamoja na derivativu zake za pili. Kisichojulikana kinajizidisha chenyewe, na mbinu za milinganyo ya mstari hazifui dafu.

Kijana mmoja wa Masasi alinibishia: kwa nini nisijichagulie ujazo wowote ninaotaka? Nikamwambia achore mstatili wa 6 kwa 2, kitovu katikati. Kwenye karatasi piramidi zinakuwa pembetatu. Upande wa 6 uko umbali wa 1 kutoka kitovuni, pembetatu yake ina eneo 3. Upande wa 2 uko umbali wa 3, eneo ni 3 vilevile. Haya, nipe mstatili wenye pembetatu za 4, 2, 4 na 2. Alifuta na kuchora mpaka chai ikapoa, kisha akasema mwenyewe kwamba haupo. Msambamba wowote hukatwa na diagonali zake kuwa pembetatu nne zenye eneo sawa, kwa hiyo pande mbili zinazotazamana hubeba nusu kamili ya eneo lote. Nane kati ya 12 ni zaidi ya nusu.

Hilo ndilo sharti lenyewe, si ujanja wa mstatili. Mwaka 2013 wanahisabati Böröczky, Lutwak, Yang na Zhang walithibitisha kwamba kwa maumbo linganifu jawabu lipo pale tu kipimo, yaani ujazo uliogawiwa kila mwelekeo, kisiporundikana kupita kiasi upande mmoja. Kwenye bapa, jozi ya pande zinazotazamana isivuke nusu. Katika vipimo vitatu, mielekeo iliyo kwenye mstari mmoja isivuke theluthi moja, na iliyo kwenye bapa moja isivuke theluthi mbili. Ikifika kikomo hasa, kipimo kinachobaki lazima chote kilale kwenye mstari au bapa la kukamilishana na lile la kwanza.

Soma uthibitisho ukijiuliza kila dhana inafanya kazi gani. Wanashika ujazo usibadilike, kisha wanatafuta umbo linalofanya wastani wa logi ya umbali uwe mdogo kabisa. Hatari ni mbili: kitovu kuteleza mpaka ukingoni, na umbo kujivuta likawa refu jembamba bila mwisho. Ulinganifu unaondoa hatari ya kwanza bure. Sharti la mrundikano linaondoa ya pili. Ukishaona hivyo, utajua pia ni kitu gani utakikosa siku utakapouacha ulinganifu.

Na utauacha, ila kwa subira. Ukipita ufukwe wa Shangani maji yakikupwa utaona vipande vya matumbawe vilivyosagwa na bahari. Mwaka 1974 mwanahisabati Firey alionyesha kwamba jiwe linganifu likigongwa sawasawa kutoka kila upande huelekea kuwa mpira. (Ya Shangani mengi ni bapa, mawimbi hayajasoma masharti ya Firey.) Kuwapo kwa jawabu la mlinganyo wa kusagika huko alikuchukulia tu kuwa ni kweli, Tso akakuthibitisha mwaka 1985. Jiwe lisilo na ulinganifu lilimsubiri Andrews hadi 1999, na vipimo vya juu vikamalizwa na Brendle, Choi na Daskalopoulos mwaka 2017. Kama wakubwa hao walianzia kwenye ulinganifu, wewe wa mwaka wa kwanza una haraka ya nini?

Jambo la mwisho: jawabu kuwapo si sawa na kuwa moja. Chora mstatili wa 4 kwa 3 kando ya ule wa 6 kwa 2. Pembetatu zote nne ni 3 tena, mielekeo ileile. Kwa maumbo linganifu ya bapa tunajua tangu 2012 kwamba utata huu unaletwa na misambamba peke yake. Kuanzia vipimo vitatu, swali la jawabu kuwa moja kwa ujumla wake bado liko wazi, na hapo mtu anaweza kupata mada ya tasnifu akichagua kundi dogo la maumbo. Lakini maumbo yanayobaki vilevile yakiakisiwa kwenye kila bapa la mihimili usimpelekee msimamizi wako. Saroglou alishayapitia mwaka 2015.