Mtaa wa kulala na mtaa wa kushinda

Shangazi, shikamoo.

Nimepata kazi katika jiji kubwa ambalo nimewahi kulipita mara mbili tu, tena nikiwa safarini. Naanza baada ya wiki kumi. Tunahama watatu: mimi, mume wangu na binti yetu wa miaka tisa. Mume wangu kazi yake ni ya mtandaoni, kwa hiyo atakuwa anafanyia nyumbani.

Kila tunayemuuliza ana mtaa wake. Bosi wangu mpya anasema tukae karibu na ofisi hata kama nyumba ni ndogo. Dada yangu anasema tutafute mtaa wenye jina, maana mtoto hukua na wenzake. Dalali naye ametutumia picha za nyumba ya vyumba vinne pembezoni mwa jiji, kodi yake sawa na ya vyumba viwili vya katikati. Anatuhimiza tusaini mkataba wa miaka miwili kabla hajaichukua mtu mwingine. Anasema ni dakika 25 tu hadi ofisini, na ramani ya kwenye simu inakubaliana naye. Ile nyumba nimeshaipenda. Nishauri kabla sijasaini.

Mama wa Binti Mmoja

Marahaba, mwanangu. Usisaini kwanza.

Sina ubaya na nyumba yenyewe, huenda ni nzuri kama picha zake. Ila barua yako imeingia saa tano na nusu usiku, na nadhani ndio wakati ulipoitazama hiyo ramani. Saa tano usiku barabara ni yako peke yako. Fungua ramani upya, chagua siku ya Jumanne, weka muda wa kuondoka saa moja na robo asubuhi, uone inakwambia nini. Kisha igeuze: kutoka ofisini saa kumi na moja na nusu jioni. Programu nyingi za ramani zinakuruhusu kuchagua saa ya safari, lakini watu wengi hawagusi kile kitufe.

Nalisema hili kwa uchungu kwa sababu limenipata. Nilipohamia jiji geni nilikwenda kutazama nyumba siku ya Jumapili, saa nne asubuhi. Mtaa ulikuwa kimya, miti imepandwa kando ya njia, watoto wanaendesha baiskeli. Nilitumia nusu saa kutoka katikati ya jiji nikafurahi. Jumatatu ya kwanza safari ileile ilinichukua saa moja na dakika kumi na tano. Kijana wangu alikuwa na miaka minne. Kwa muda wote wa mkataba ule, siku za kazi nilimkuta amelala nikirudi na nikamwacha amelala nikiondoka. Nilikuwa na chumba cha wageni ambacho wageni walilala mara tatu. Ningempa mtu kile chumba bure anirudishie zile jioni.

Piga hesabu pamoja nami. Tuseme dalali amekosea kwa dakika 25 tu, yaani safari ni dakika 50 badala ya 25. Kwenda na kurudi unaongeza dakika 50 kwa siku. Ukienda kazini siku 240 kwa mwaka, hizo ni saa 200, sawa na siku 25 za kazi za saa nane nane. Wachumi wawili, Alois Stutzer na Bruno Frey, walichunguza takwimu za wafanyakazi wa Ujerumani wakitarajia kuona kwamba mwenye safari ndefu analipwa fidia yake kwa njia nyingine, kwa mshahara mkubwa zaidi au nyumba bora. Walikuta kinyume: safari ilivyozidi kurefuka, ndivyo mtu alivyosema haridhiki na maisha yake. Mimi naamini sababu ni kwamba chumba cha ziada unakiona kwenye picha, lakini ile saa ya foleni haipigwi picha.

Pesa nayo ina foleni yake. Kodi ya pembezoni inaonekana nafuu mpaka uongeze nauli au gari la pili, mafuta, matengenezo na maegesho. Kuna taasisi ya Chicago iitwayo Center for Neighborhood Technology ambayo miaka mingi imekuwa ikiwashauri watu wajumlishe gharama ya makazi na ya usafiri pamoja, na jumla hiyo isipite asilimia 45 ya mapato ya kaya. Chukua karatasi, andika hizo namba mbili kwa kila nyumba mnayoifikiria. Huenda vyumba viwili vya katikati vikawa ndivyo vya bei rahisi.

Sasa nikwambie kilichonisumbua zaidi katika barua yako. Umenieleza anachotaka bosi, anachotaka dada na anachotaka dalali. Mume wako hukumpa hata sentensi moja, na yeye ndiye atakayeshinda kwenye huo mtaa. Wewe utalala hapo. Ni vitu viwili tofauti kabisa. Anayelala mtaani anahitaji ukimya usiku na njia fupi ya kutokea. Anayeshinda anahitaji intaneti isiyokatika mchana, mahali pa kwenda kwa miguu akichoka na kiti, na watu wa kusalimiana nao saa saba mchana. Kuna mitaa mizuri sana ya kulala ambayo ikifika saa tatu asubuhi wote wameondoka, mageti yamefungwa, na unaweza kutembea nusu saa usikutane na mtu. Ukimweka mwanamume mgeni wa jiji ndani ya mtaa wa namna hiyo, peke yake na kompyuta, siku tano kwa wiki, utarudi jioni umkute amekauka. Muulize leo anataka kuona nini akifungua mlango saa sita mchana.

Binti yenu ni wa tatu katika hesabu hii, na umri wake una uzito. Mwaka 1994 serikali ya Marekani ilianza jaribio katika miji mitano, Baltimore, Boston, Chicago, Los Angeles na New York, likihusisha familia zipatazo 4,600 zilizoishi katika nyumba za umma kwenye maeneo ya umaskini mkubwa. Kwa bahati nasibu baadhi walipewa hati ya kuwasaidia kodi kwa sharti la kuhamia eneo lenye umaskini mdogo. Miaka mingi baadaye mchumi Raj Chetty na wenzake waliwafuatilia watoto wale. Waliohama kabla ya kutimiza miaka 13 walikuja kupata kipato kikubwa kwa takriban asilimia 31 kuliko wenzao ambao familia zao hazikupewa hati, walipofika katikati ya miaka ya ishirini. Waliohama wakiwa wakubwa zaidi hawakupata faida hiyo, na kuna dalili kwamba kuhama kuliwayumbisha. Usimwambie dada yako kwamba ameshinda, tafadhali. Familia zile zilitoka katika dhiki nzito, na jaribio halikuhusu majina ya mitaa. Ninalolichukua mimi ni kwamba mtoto anafaidi miaka anayokaa mahali pazuri, na kila kuhama kunamgharimu kitu. Binti yenu ana miaka minne kabla ya 13. Asiitumie kubadilisha shule.

Kwa hiyo fanyeni hivi. Anzeni na shule. Tafuteni shule mbili au tatu mnazoziamini, mzipigie simu, mwulize kama zina nafasi darasa lake. Zungushieni kila shule duara la kilomita moja na nusu, mwendo wa dakika kama 20 kwa miguu ya mtu mzima. Ndani ya duara hilo pangeni kitu chochote cha kawaida, hata kidogo, kwa miezi sita au mwaka. Mkigundua mmekosea mtaa mtahama mtaa tu, binti atabaki na dawati lake na rafiki zake. Mwenye nyumba akikataa mkataba mfupi, mwombeni kifungu kinachowaruhusu kuvunja kwa notisi ya miezi miwili. Wengine wanakubali ukiwaomba kwa maandishi na kwa adabu.

Kuhusu jina la mtaa, nitakuwa mfupi: majina hunyooshwa. Dalali akiona mtaa mmoja unapendwa, nyumba zote za jirani zinaanza kuitwa kwa jina hilohilo, hata iliyo ng'ambo ya barabara kuu ambayo mtoto hawezi kuivuka. Tazama ni barabara gani, si jina gani.

Kabla ya kulipa chochote, mmoja wenu asafiri. Siku mbili zinatosha, ila moja iwe ya kazi. Afike kwenye nyumba mnayoifikiria saa kumi na mbili na nusu asubuhi, aende hadi ofisini kwako kwa usafiri utakaotumia wewe, kisha arudi mchana akae. Usiku arudi tena. Afungue dirisha la chumba cha kulala na asimame pale robo saa bila kuongea. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2018 kwa nchi za Ulaya, linashauri kelele za magari usiku zisizidi wastani wa desibeli 45. Programu ya simu ya kupima sauti haitampa namba kamili, lakini itamwonyesha kama wako karibu na hapo au mbali kabisa. Nyumba yangu ile ilikuwa mita mia mbili kutoka kwenye njia ya treni za mizigo. Zilikuwa zinapita saa nane usiku na saa kumi kasoro, na Jumapili asubuhi hakuna mtu angeweza kuniambia.

Akiwa pale azungumze na watu, na asiulize kama mtaa ni mzuri, maana kila mtu atajibu ndiyo. Aulize: "Kitu gani kinawaudhi hapa?" Hapo ndipo utasikia habari za maji yanayokatika, taka zinazolala siku tatu, moshi unaoletwa na upepo jioni. Mlinzi, mwenye duka la kona na wazazi wanaosubiri watoto getini mwa shule wanajua kuliko tovuti yoyote. Na dalali aulizwe jambo moja tu: mpangaji aliyetoka alikaa muda gani, na kwa nini aliondoka?

Ile nyumba ya vyumba vinne ikichukuliwa na mwingine wiki hii, iache iende. Niandikie mkishafika.

*

Shangazi, mimi ni baba wa watoto wawili, nahamia jiji jipya na nimepata nyumba ya kununua karibu na mto, bei yake inanishawishi. Muuzaji amekiri kwamba maji yalifika hadi ndani miaka sita iliyopita, lakini anasema yalikuwa mafuriko ya miaka 100, kwa hiyo yatakayofuata ni ya wajukuu. Nimwamini?

Hapana, baba. Muuzaji pengine hakudanganyi, ametatanishwa na jina. Mafuriko ya miaka 100 maana yake ni mafuriko yenye uwezekano wa asilimia 1 kutokea katika mwaka wowote, na mto haukumbuki kwamba yalikuja miaka sita iliyopita. Mwaka ujao ni asilimia 1, unaofuata ni asilimia 1 tena. Ukichukua mkopo wa miaka 30, uwezekano wa kuyaona angalau mara moja kabla hujamaliza kulipa ni karibu asilimia 26, zaidi ya mmoja kati ya wanne. Na hesabu hiyo inadhani hali inabaki vilevile, wakati kila kiwanja kinachosakafiwa huko juu kinayaharakisha maji kuja kwako.

Nenda hapo siku ya pili baada ya mvua kubwa. Tazama kuta za nje chini ya madirisha kama kuna mstari wa rangi tofauti, fungua makabati ya chini unuse, na uwaulize majirani wa pande zote mbili maji yalifika wapi, wakuonyeshe kwa mkono. Kisha uliza bima ya mafuriko ya nyumba hiyo ni kiasi gani kabla ya kuzungumza bei. Kampuni ya bima ikikataa kabisa, umeshapata jibu kutoka kwa watu wanaopiga hesabu hizi kila siku.

*

Shikamoo Shangazi. Nina miezi mitatu katika jiji hili, naishi peke yangu ghorofa ya nne, mwisho wa korido. Mtaa niliuchagua vizuri, lakini sijapata rafiki hata mmoja. Nihame?

Marahaba, kijana wangu. Mtaa hauna kosa, ila huo mwisho wa korido nina shaka nao. Mwaka 1950 mwanasaikolojia Leon Festinger na wenzake walichapisha utafiti wa makazi ya wanafunzi waliooa katika chuo cha MIT, Marekani. Katika majengo yale, asilimia 41 ya waliopakana mlango kwa mlango walitajana kuwa marafiki wa karibu, na kwa waliokaa ncha mbili za korido moja ilikuwa asilimia 10 tu. Umbali wenyewe ni hatua chache. Tofauti ni kukutana bila kupanga, na waliokaa karibu na ngazi walikutana na watu wengi zaidi.

Nyumba yako huwezi kuisogeza, ila wewe unaweza kusogea. Shuka kwa ngazi badala ya lifti, kila siku saa ileile. Kaa nje dakika 20 jioni, mahali pale pale, simu ukiiacha juu. Jirani wa mlango unaofuata mgongee Jumamosi, umwambie jina lako na kwamba wewe ni mgeni, umwulize takataka hutolewa siku gani hata kama unajua.