Mandazi hayakumpa mwanangu kisukari

Kila aliyekuja kutuona kijana wangu alipotoka hospitalini alikuja na swali lile lile: "Kwani mlikuwa mnampa nini?" Wifi yangu alitaja soda. Jirani alitaja mandazi ya asubuhi. Mama mkwe, ambaye najua aliumia kuliko wote, aliuliza kama kwetu Vihiga kuna mtu aliyewahi kuugua sukari, na nikaelewa swali linaelekea wapi. Nawaandikia wazazi wa Kisumu, Kakamega, Busia na kwingineko mlioambiwa juzi kwamba mtoto ana kisukari cha aina ya kwanza. Swali hilo mtaulizwa. Jueni jibu mapema, kwa sababu lawama ikishaingia nyumbani hula nguvu zote ambazo mngezitumia kumtunza mtoto.

Sukari ya kula haileti kisukari cha aina ya kwanza. Si soda, si miwa, si uji wenye sukari nyingi. Chakula na uzito vinahusika sana na aina ya pili, ile tuliyoizoea kwa wazee wetu, na hapo ndipo watu huchanganya mambo. Aina ya kwanza ina njia yake. Kwenye kongosho kuna seli ziitwazo beta, na kazi yake ni kutengeneza insulini, homoni inayowezesha sukari itoke kwenye damu iingie mwilini itumike. Askari wa mwili, wale wale wanaopigana na vijidudu, huzigeukia seli hizo na kuziua kidogo kidogo. Huchukua miezi, mara nyingi miaka, na muda wote huo mtoto anacheza mpira na kumaliza ugali wake vizuri. Dalili zikija, seli nyingi zimeshakufa. Kwa hiyo anayetafuta kosa kwenye chakula cha mwezi uliopita anatafuta pasipo.

Sasa kwa nini askari wageuke? Sehemu ya jibu ni kweli iko kwenye ukoo, lakini si vile watu hudhani. Kuna jeni za kinga, madaktari huziita HLA, na baadhi ya aina zake huongeza uwezekano wa kuugua. Mtoto hurithi jeni hizo kwa baba na kwa mama, na wengi sana walio nazo hawaugui maisha yao yote. Hata mapacha wa kufanana, mmoja akiugua, mwenzake anaweza kukaa miaka mingi akiwa mzima, na wengine hawaugui kamwe. Karibu 9 kati ya 10 wanaogunduliwa hawana mzazi wala ndugu wa tumbo moja mwenye ugonjwa huo. Nilimweleza mama mkwe hesabu hiyo tukiwa tunachambua mboga, polepole, bila kumjibu kwa hasira. Akasema, "Basi mwanangu, tuache mambo ya koo." Tukayaacha.

Sehemu nyingine ya jibu iko nje ya mwili. Tunajua hivyo kwa sababu ugonjwa huu haukusambaa sawasawa duniani: Ufini ndiyo inayoongoza, zaidi ya watoto 50 wapya kwa kila watoto 100,000 kwa mwaka, na katika nchi nyingi idadi imepanda haraka kuliko jeni zinavyoweza kubadilika. Virusi vya enterovirusi, hasa vya kundi la Coxsackie B, vimehusishwa na kuanza kwa shambulio hilo. Mtoto aliyeambukizwa rubela tumboni mwa mama naye huwa kwenye hatari zaidi. Hapo ndipo mtu hukurupuka na kulaumu chanjo, jambo linalonikera, maana tafiti nyingi zimeangalia na hazikuona chanjo za watoto zikisababisha kisukari. Chanjo ya rubela ndiyo kwanza inamkinga mtoto.

Wengine watakulaumu kwa kumwachisha ziwa mapema na kumpa maziwa ya ng'ombe. Suala hilo lilipimwa kwa uzito: watoto wachanga 2,159 katika nchi 15, wenye jamaa wa karibu anayeugua, baadhi wakapewa maziwa ya kopo ambayo protini zake zimevunjwavunjwa, wengine ya kawaida. Matokeo yalitolewa 2018, na hakukuwa na tofauti. Mama uliyelazimika kurudi kazini, hilo jiondolee moyoni.

Jambo moja linatuhusu sisi Waafrika. Utafiti uliotolewa 2025 kuhusu vijana wa Kamerun, Uganda na Afrika Kusini waliotambuliwa kuwa na aina ya kwanza ulionyesha kwamba takriban thuluthi mbili hawakuwa na zile kingamwili zinazoonyesha mwili umejishambulia. Yaani hapa kwetu huenda kuna aina nyingine yenye chanzo tofauti. Kwa mzazi, hilo halibadilishi kitu leo: mtoto akiandikiwa insulini, achomwe insulini. Ila usishangae daktari akitaka vipimo zaidi baadaye.

Nikiwa na nafasi ya kusema jambo moja tu, ni hili la malaria. Huku kando ya ziwa, mtoto akitapika na kulegea, kila mtu anasema malaria, na mara nyingi ni kweli. Kijana wangu alianza kwa kunywa maji usiku, kikombe baada ya kikombe, na kukojoa kitandani ilhali alishaacha zamani. Sisimizi walijaa pale nyuma ya nyumba alipokuwa akikojoa. Nguo zikampwaya. Kisha akaanza kutapika, zahanati ya mtaani ikampa dawa ya malaria, na jirani mwenye nia njema akaleta pakiti ya glukosi akoroge anywe apate nguvu. Kufikia jioni alikuwa akivuta pumzi ndefu na nzito, mdomo ukinuka matunda yaliyoiva kupita kiasi. Hospitalini muuguzi alimdunga kidole, na kile kimashine hakikutoa namba. Kiliandika HI, maana yake sukari imepita kiwango kinachoweza kusoma.

Kwa hiyo mtoto akipimwa malaria, omba apimwe na sukari papo hapo. Ni tone moja la damu. Hata malaria ikipatikana, omba vilevile, kwa sababu moja haizuii nyingine. Wahudumu wa afya wa jamii, wale tunaowaita CHP, tangu 2023 wamepewa mikoba yenye mashine ya kupima sukari, hivyo anza na wa kijijini kwako. Na mtoto mlegevu mwenye kiu na mikojo ya mara kwa mara asipewe glukosi kabla ya kupimwa.

Tena, wiki chache baada ya kuanza insulini, mahitaji ya mtoto yanaweza kushuka sana. Seli zilizobaki zimepata nafuu kidogo. Watu watasema amepona, wapo watakaomshukuru mganga na wapo watakaotoa ushuhuda kanisani. Omba, hata mimi naomba kila siku, lakini usiache kumchoma. Askari hawajaacha kazi yao, na mtoto wa aina hii akikosa insulini anaweza kufa ndani ya siku chache.

Kuhusu ndugu zake: uwezekano wao ni kama 5 kati ya 100, ilhali kwa mtoto asiye na jamaa anayeugua ni chini ya 1 kati ya 100. Umezidi, lakini bado 95 hawataugua. Tangu 2022 kuna dawa iliyoidhinishwa Marekani, teplizumab, inayochelewesha ugonjwa kwa takriban miaka miwili kwa wale ambao shambulio limeanza kabla ya dalili, ila ni ghali mno. Mimi kwa binti yangu mdogo naangalia maji anayokunywa na mara anazoamka usiku. Nikitilia shaka nampima kwa mashine ya kaka yake saa hiyo hiyo. Ikisoma 11.1 mmol/L au zaidi naye ana kiu au anakonda, tunakwenda hospitali siku hiyo, hata kama ni usiku wa Jumapili.